Nyumba nafuu inayokubali paka au mbwa: Mtihani wa kwanza wa mwanafunzi wa uzamili

Na MWANDISHI WETU

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule ya upili huwasili langoni akiwa na sanduku, godoro na ndoo. Yule anayerudi miaka kadhaa baadaye kusomea shahada ya uzamili au uzamifu huja na maisha yake yote: kazi, mtungi wa gesi, vitabu, pengine mchumba au mtoto. Wala si ajabu siku hizi kumkuta ameandamana na paka au mbwa aliyemlea tangu alipoanza kujitegemea.

Hapo ndipo mtihani wake wa kwanza huanza, kabla hata hajapangiwa msimamizi wa tasnifu. Mabweni ya chuo si mahali pa kufugia. Ploti nyingi zilizozunguka lango la chuo haziwataki wanyama. Nazo nyumba zenye ua mpana, ambako mbwa hubweka bila kumkera mtu, kodi yake humshinda anayejilipia karo kwa mshahara wa ualimu au kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB).

Wapo wanaoamua kumficha mnyama, wakiomba Mungu keateka asipande ghorofani. Wapo pia wanaomwacha mtaani na kujiambia kwamba atajitafutia. Njia ya kwanza humfukuzisha mpangaji katikati ya muhula. Ya pili ni ukatili mtupu, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama (Sura 360) inahesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa kosa.

Ipo njia ya tatu, ila inadai mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyapuuza: kupima upya maana ya kuishi "karibu na chuo", na kuhakikisha kwamba ruhusa ya mnyama imeandikwa kabla ya shilingi yoyote kulipwa.

Karibu ni wapi?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana vipindi karibu kila siku, na ndiyo maana hutaka chumba ambacho anaweza kutoka saa mbili kasoro dakika tano na kuwahi mhadhara wa saa mbili. Mwanafunzi wa uzamili hana ratiba hiyo. Masomo yake ya darasani kwa kawaida hufanyika jioni au wikendi, na yakishakamilika hubaki utafiti na uandishi wa tasnifu. Katika kipindi hicho huenda akafika chuoni mara moja au mbili kwa wiki, kumwona msimamizi au kuingia maktabani.

Licha ya hayo, wengi hutafuta makao kana kwamba wangali wa mwaka wa kwanza. Anayesomea Chuo Kikuu cha Kenyatta hukimbilia Kahawa Wendani, ng'ambo tu ya barabara. Wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) hung'ang'ania Gachororo na katikati mwa mji wa Juja. Mitaa hiyo imejaa majengo ya ghorofa yenye bedsita nyingi, na wateja hawakauki. Mwenye nyumba anayejua kwamba chumba kitajaa kabla ya jua kutua hana sababu ya kuketi chini akusikilize habari za paka.

Sogea vituo vichache kando ya barabara ya matatu, na mazungumzo hubadilika. Kwa KU, tazama Kahawa Sukari, Kahawa West na Ruiru. Kwa JKUAT, kuna Kalimoni, Witeithie na hata Thika kwenyewe. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mnamo Novemba 2012, umbali huo umekuwa jambo la kuvumilika. Anayesoma katika bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi anaweza kutafuta Uthiru, Kinoo au Wangige.

Katika maeneo hayo bado kuna nyumba za chini zilizo kwenye ua, pamoja na vyumba viwili au vitatu vilivyojengwa nyuma ya nyumba ya wazee ambao watoto wao walishahama. Huyo ndiye mwenye nyumba unayemtafuta. Hana wapangaji 60 wa kuwafikiria, na aghalabu ana mbwa wake mwenyewe langoni.

Tupige hesabu kwa mfano tu, kwa kuwa bei halisi hutofautiana na mtaa. Tuseme bedsita iliyo karibu na lango ni Sh11,000 kwa mwezi, ilhali chumba kimoja cha kulala na sebule kwenye ua, mbali kidogo, ni Sh8,000. Nauli ni Sh80 kwenda na Sh80 kurudi. Ukienda chuoni siku tatu kwa wiki, yaani takriban siku 13 kwa mwezi, utatumia Sh2,080, na jumla itakuwa Sh10,080. Umeokoa karibu Sh900 na umempatia mbwa mahali pa kunyoosha miguu.

Lakini ukienda siku tano kwa wiki, siku 22 kwa mwezi, nauli itafika Sh3,520 na jumla kuwa Sh11,520. Hapo nyumba ya mbali si nafuu tena. Basi kabla ya kuanza kutafuta nyumba, chukua kwanza ratiba ya masomo. Angalia pia saa ambayo vipindi vya jioni humalizika, kwa maana nauli hupanda usiku na kijia kutoka stejini hadi langoni kinaweza kuwa na giza totoro. Kipite mwenyewe jioni moja kabla ya kuhamia.

Nyumba zinazofaa, na mitego yake

Aina moja ya makao ambayo wanafunzi wa uzamili wamekuwa wakiyapenda ni nyumba ndogo za watumishi zilizo nyuma ya majumba makubwa, maarufu kama SQ. Katika mitaa kama Loresho, ambako kodi ya nyumba nzima haishikiki, SQ huweza kupatikana kwa bei inayokaribiana na ya chumba cha ghorofani. Kuna ulinzi, kuna maji, na mara nyingi kuna nyasi.

Mtego ni kwamba unaishi ndani ya boma la mtu. Mbwa wake wakimchukia wako, anayehama ni wewe. Uliza idadi ya mbwa walio hapo, iwapo wamechanjwa, na saa ambazo hufunguliwa usiku. Paka asiyewazoea mbwa anaweza kuuawa usiku wa kwanza. Hilo si jambo la kugundua baada ya kulipa.

Nyumba za ghorofa nazo zisipuuzwe kabisa, hasa kwa mwenye paka. Paka aliyezoea kukaa ndani hahitaji ua, mradi apate sanduku la mchanga linalosafishwa kila siku, dirisha lenye wavu, na mahali pa kukwaruza makucha pasipokuwa kiti cha mwenye nyumba. Mbwa mkubwa katika bedsita ni habari nyingine. Kumfungia mnyama wa namna hiyo kutwa nzima, huku mwenyewe uko maktabani, ni kumtesa yeye na kuwatesa majirani watakaosikiliza kilio chake.

Katika majengo ambayo kila nyumba ina mmiliki wake, kumbuka kwamba mmiliki si msemaji wa mwisho. Chini ya Sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo ya aina hiyo, wamiliki huwa na shirika lao lenye kanuni, na kanuni hizo humfunga hata mpangaji. Mmiliki anaweza kukuambia "leta paka wako, hakuna shida", kisha wiki mbili baadaye shirika likakuandikia barua ya kukutaka umwondoe. Omba kuziona kanuni.

Pwani hali ina sura yake. Anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, atagundua kwamba paka hana uhasama na mtu. Wamejaa vibarazani na misikitini, na Waislamu humhesabu kuwa mnyama safi. Mbwa ni kinyume. Mate yake huhesabiwa najisi, na kumwingiza kwenye nyumba ya Mwislamu anayeswali hapo hapo uani ni kumkosea heshima mwenyeji wako. Mwenye mbwa na atafute nyumba yenye lango lake, na amwambie mwenye nyumba ukweli tangu mwanzo.

Na wale wanaofuga kasuku wa kijivu au kobe? Hao ni wanyamapori, na mwenye nyumba si tatizo lao la kwanza. Bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), aliye na kesi ni mfugaji mwenyewe.

Hofu za mwenye nyumba

Ni rahisi kumwona mwenye nyumba kama adui, lakini hofu zake nyingi zina msingi. Anahofia kelele, harufu, milango iliyokwaruzwa na viroboto watakaobaki sakafuni baada ya wewe kuondoka. Zaidi ya yote anahofia mtoto wa mpangaji mwingine kuumwa.

Hofu hiyo ya mwisho si ya kuchezea. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo, na idadi kubwa kabisa ya wanaoupata huambukizwa na mbwa. Serikali ilizindua mnamo 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu nchini kufikia 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa.

Kwa hivyo karatasi ya kwanza unayopaswa kubeba unapoenda kuzungumza na mwenye nyumba ni cheti cha chanjo kisichopitwa na wakati. Mbwa na paka huanza kuchanjwa dhidi ya kichaa wakiwa na umri wa miezi mitatu, na kwa kawaida chanjo hurudiwa kila mwaka. Kaunti mbalimbali huendesha kampeni za chanjo, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ofisi ya mifugo ya kaunti yako itakueleza tarehe.

Nairobi, fauka ya chanjo, ina sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa, inayomtaka mwenye mbwa awe na leseni. Wakazi wa Wendani, Ruiru na Juja wakumbuke kwamba wako Kaunti ya Kiambu, na maswali yao wayapeleke huko.

Jambo la pili ni kuhasi. Paka dume asiyehasiwa hunyunyizia mkojo ukutani kuweka mipaka yake, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Jike naye akiingia kwenye joto hulia usiku kucha, na madume ya mtaa mzima huja kumwitikia dirishani. Malalamiko mengi ambayo huwafikia makeateka kuhusu paka yangekwisha kwa upasuaji huo mmoja. Huduma hiyo hutolewa na madaktari wa mifugo wa kibinafsi, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Upper Kabete, na chama cha kutetea wanyama cha KSPCA kilichoko Karen.

La tatu ni barua fupi kutoka kwa mwenye nyumba uliyetoka kwake, ikisema kwamba mnyama huyo hakuharibu kitu. Wanafunzi husahau kuiomba kwa kuwa huagana na mwenye nyumba kwa haraka, pengine kwa ugomvi wa amana. Iombe mapema, mkiwa bado mnasalimiana.

Unapofika, anza na mnyama, usimalizie naye. "Mama, kabla hujanionyesha nyumba, nina paka mmoja, amehasiwa na amechanjwa. Cheti hiki hapa." Akikataa, umepoteza dakika tano tu. Akisitasita, mwalike aje amtazame mnyama unakoishi sasa, ili ajionee hali ya nyumba. Mara nyingi anayekataa hajawahi kuombwa kwa adabu, amezoea kufichwa.

Epuka kupitisha ombi kama hilo kwa wakala. Wakala hulipwa nyumba ikijaa, na atakuambia "mwenyewe amekubali" hata kama hajamuuliza. Vivyo hivyo, wapo matapeli wanaotoza ada ya kuonyesha nyumba wasizo na uwezo wa kuzikodisha. Ukishapata dokezo la nyumba inayokubali wanyama, zungumza na mwenyewe ana kwa ana, na malipo yatume kwa akaunti au nambari iliyoandikwa kwenye mkataba.

Karatasi ndiyo ngao

Hapa ndipo wengi huteleza. Hakuna sheria nchini inayomlazimisha mwenye nyumba kumkubali mnyama, wala inayomkataza. Kila kitu hutegemea makubaliano yenu wawili.

Wapo wanaodhani kwamba jopo la kodi za nyumba litawatetea wakifukuzwa. Lakini Sheria ya Kodi za Nyumba (Sura 296) iliwekewa kikomo cha nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Ni vyumba vingapi karibu na chuo vinavyopatikana kwa kiasi hicho? Mpangaji wa Sh9,000 yuko nje ya ua huo, na ngao yake ni mkataba aliotia saini. Hata yule aliye ndani anaweza kuondolewa iwapo itathibitishwa kwamba anawakera majirani.

Usome mkataba kabla ya kulipa. Mikataba mingi huwa imechapishwa tayari, na kifungu cha kukataza wanyama hujificha katikati, kati ya kifungu cha kutopigilia misumari ukutani na kile cha kutokodisha nyumba kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba anaweza kuwa amekukubalia kwa mdomo huku karatasi yake ikisema kinyume. Likitokea zogo, kitakachosomwa ni karatasi.

Omba kifungu hicho kikatwe kwa kalamu, nyote wawili mtie saini pembeni, na mahali pake paongezwe maneno kama haya: "Mpangaji ameruhusiwa kukaa na paka mmoja, jike, aliyefungwa uzazi na kuchanjwa. Mpangaji atalipia uharibifu wowote utakaosababishwa na mnyama huyo. Ruhusa hii haitaondolewa bila notisi ya maandishi ya mwezi mmoja yenye kutaja sababu." Mkataba ukiwa wa Kiingereza, yaandikwe kwa lugha hiyo. Kilicho muhimu ni kutaja idadi na aina ya mnyama, ili kesho asije mtu akasema alidhani ni samaki wa chupa.

Kuna sababu nyingine ya kuandika. Shahada ya uzamili imepangiwa miaka miwili na ya uzamifu mitatu, na wengi huchukua muda mrefu kuliko huo. Katika kipindi hicho keateka hubadilika, mzee hufariki na watoto wake kurithi ploti, au usimamizi hukabidhiwa kampuni. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Baadhi ya wenye nyumba watadai amana ya ziada kwa ajili ya mnyama. Si vibaya, mradi iandikwe kuwa ni amana na itarejeshwa. Nyumba ya Sh8,000 itakudai kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya kiasi hicho hicho, pengine amana ya maji na stima, kisha pikapu ya kuhamisha mizigo. Ukiongeza Sh4,000 za mnyama, unahitaji zaidi ya Sh20,000 mkononi kabla ya kununua hata tokeni. Mkopo wa HELB ukichelewa, fedha hizo hazitasubiri, kwa hivyo zitenge mapema.

Siku ya kupewa funguo, piga picha za milango, sakafu na kuta, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mkwaruzo uliokuwapo usije ukabandikwa paka wako miaka miwili baadaye.

Kuishi na majirani

Ruhusa ya mwenye nyumba haimfungi jirani mdomo. Mjulishe jirani wa ukuta mmoja kwamba una mnyama, na umpe nambari yako ya simu ili akupigie kwanza kabla ya kumwita keateka. Usimwachie mbwa ngazini wala penye kamba za nguo. Kinyesi chake kizoe mwenyewe. Na kama unamlisha paka wako omena, funga mlango na ufungue dirisha unapozichemsha. Mara nyingi harufu inayolalamikiwa ni ya sufuria, si ya paka.

Mbwa wako akimwuma mtu, hata kama amechanjwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitalini bila kungoja. Nenda naye, na ubebe cheti.

Suala ambalo wanafunzi wa uzamili hulisahau ni safari za utafiti. Itafika wakati utahitajika Turkana au Kwale kwa wiki tatu kukusanya data, na mnyama hawezi kujilisha. Tafuta mapema mwanafunzi mwenzako anayefuga, mpeane zamu, na umwarifu mwenye nyumba ni nani atakayekuwa akiingia nyumbani mwako. Kumwachia paka bakuli kubwa la chakula na kuondoka si mpango.

Na iwapo muhula unaanza Jumatatu na hujapata nyumba, usisaini chochote kwa pupa ukitumaini kumwingiza mnyama baadaye kwa siri. Afadhali umwache kwa wazazi au rafiki kwa miezi miwili, ukae kwa mwenzako, na uendelee kutafuta ukiwa mwenyeji wa eneo hilo. Nyumba nzuri za uani hazibandikwi matangazo. Hupatikana kwa kuuliza mama wa mboga, mwuza maji na mlinzi wa lango la jirani.

Siku ya kuhamia, mwingize paka mwisho, mizigo ikishapangwa na mlango umefungwa. Mweke katika chumba kimoja akiwa na mchanga wake, maji na shuka yenye harufu ya nyumba ya zamani, na usimtoe nje kwa wiki mbili au tatu za mwanzo. Paka anayeachiliwa siku ya kwanza huanza safari ya kurudi alikotoka, hata kama ni kuvuka barabara ya Thika.